Malale ya Utani

Kondo alipofariki, mwanawe mkubwa alinipigia simu hapa Tabora akasema, "Baba, watani wa huku wapo wengi, lakini mama anasema mzee hazikwi mpaka ufike wewe." Nikapanda basi la alfajiri, na kesho yake nilikuwa Kisarawe, miguu imevimba, nimekaa mkekani na watu nisiowajua. Jeneza lilipotolewa ndani nililala chali katikati ya njia, na suti yangu na umri wangu huu, nikapiga kelele: "Hapiti mtu! Huyu hazikwi mpaka anirudishie Uingereza yangu! Aliniibia mchana kweupe!" Waombolezaji waliangua kicheko. Mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, alicheka na machozi yanamtoka. Mwanawe ilibidi anikomboe njiani kwa kunipa kanzu ya marehemu, ndipo nikainuka na jeneza likapita. Ndivyo Wanyamwezi na Wazaramo tunavyozikana tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na mizigo, wakagombana na wenyeji wao njiani, wakapatana, na kukubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana tu na hakuna atakayekasirika. Vijana walinisifu kwamba siku hizi hakuna tena mtani anayejua kazi yake kama mimi. Hakuna aliyefikiri kwamba mzee yule chini alikuwa anasema kweli tupu. Niliikunja kanzu nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikarudi nyumbani.

Mjukuu wangu Neema anasoma uhandisi, na kila jioni hunisomea kwenye simu yake nafasi za udaktari wa utafiti. Hii ya sayansi ya tiba iko Ujerumani, ile ya uhandisi iko Japani, nyingine wanatoa na nauli. "Babu, hii ni ya kweli au matapeli?" huniuliza, kwa sababu anajua mimi huona tapeli hata kwenye mwaliko wa harusi. Nami humwuliza maswali yangu yale yale: anayechagua ni nani, anamsikiliza nani, na mwenzako unayeshindana naye anakaa upande gani wa chumba. Hilo la mwisho humchekesha sana, hudhani nimeanza kuchanganyikiwa. Tangu nirudi kutoka Kisarawe nimeona nimwandikie kisa chenyewe, ili aache kucheka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Mimi na Kondo tulikuwa tumetoka chuoni Kampala na shahada za sayansi, bado wino haujakauka, tukaajiriwa pamoja kwenye maabara ya malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o, hapa Tabora. Tulipanga Isevya kwa Bi Zuhura, mjane wa mjini hasa, aliyekuwa akiuza vitumbua na kuchunguza mambo ya watu. Nyumba ilikuwa ya ukumbi mrefu, chumba changu kushoto, cha Kondo kulia, milango ikitazamana, kiasi kwamba asubuhi mtu wa kwanza kumwona alikuwa yeye na neno la kwanza kulisikia lilikuwa tusi lake. "Mtumwa wangu umeamka? Nenda kanichotee maji." Nami humjibu kwamba babu yake tulimnunua kwa kibaba cha chumvi na hadi leo tunajuta, chumvi ingetufaa zaidi. Bi Zuhura alitusikiliza huku anageuza vitumbua na kutikisa kichwa. Tulikula pamoja kwenye sinia moja, ugali wa mtama na uyoga wakati wa mvua, michembe ya viazi vitamu na karanga wakati wa kiangazi, na Kondo alikuwa na tabia ya kusogeza minofu upande wangu akidai kwamba anamnenepesha mtumwa kwa ajili ya mnada. Nilimpenda. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele litakuwa gumu kuaminika.

Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mpole, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Kimya. Alivaa viatu vya raba kazini ili asiwashtue wanyama wa majaribio, basi ukishtuka umemkuta nyuma yako, na hujui amesimama hapo tangu lini. Mwaka ule alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali na alijivunia sana jambo hilo. Asubuhi moja alituita ofisini akatuambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba chuo kimoja kikuu kwao kimetoa nafasi ya mtafiti kutoka Tanganyika, akasome miaka mitatu juu ya vidudu vya malale na kurudi na udaktari. Sio udaktari wa sindano, alisema, ni udaktari wa kugundua. Nafasi ilikuwa moja. Alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu, akaturudisha kazini. Tulitembea ukumbi mzima wa maabara bila kutukanana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mimi machale yalinicheza tangu siku ile. Kwa nini moja? Kwa nini atuambie pamoja, badala ya kumwita anayemtaka? Nilihisi anataka kuona tutafanyaje, kama alivyokuwa akiweka panya wawili kwenye kizimba kimoja na kukaa pembeni na saa yake. Bi Zuhura alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Wakati ule Isevya nzima iliamini kwamba maabara yetu ni ya mumiani, kwamba tunanyonya damu za watu na kuzisafirisha zikatengenezwe dawa, na mama yule alivumilia kutupangisha kwa sababu tu tulikuwa wapangaji wasiolewa. Nilipomweleza habari ya Uingereza aliweka mwiko chini. "Mwanangu Mihayo, watu wa hapa wamestuka, damu haipatikani tena. Sasa anataka kuchukua mtu mzima mzima. Hujiulizi?" Nilicheka, lakini kitandani nilijiuliza kweli.

Bwana Kimya alianza kutualika chakula cha jioni nyumbani kwake, kila mmoja kwa siku yake. Nakumbuka chumba kile cha kulia, kitambaa cheupe mezani, vitabu mpaka dirishani, na nyama ya mbuzi iliyochemshwa ikakosa kila kitu ambacho nyama inatakiwa kupewa. Alinihoji kuhusu mbung'o na damu, nikajibu vizuri, nikajiona. Kisha, anakata kiazi, akauliza kama salamu tu: "Na mwenzako ni mtu wa namna gani?" Nilisema kwamba Kondo ana mikono myepesi kuliko mimi katika kumpasua mbung'o, na hiyo ilikuwa kweli. Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya Kondo. Nilimngoja barazani. Alirudi anapiga mluzi, nikamwuliza, "Kakuuliza nini juu yangu?" Akasema, "Kaniuliza kama Wanyamwezi wanaoga. Nikamwambia mvua ikinyesha." Niliuliza tena kesho yake, nikapewa jibu jingine la kuchekesha. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba naishi na mtu ambaye sijawahi kupata kutoka kwake jibu hata moja la kushika mkononi.

Kabla ya uamuzi tulitumwa Kaliua, kwenye misitu ya warina asali, maana wao ndio walioathirika zaidi na malale. Vijijini watu walifunga milango walipotuona na masanduku yetu. Mama mmoja alikubali kutufungulia kwa sababu nilimwamkia Kinyamwezi, "Mwangaluka," lakini aliposikia tumefuata nini alirudisha mkono ndani ya kitenge. "Damu yangu mnaipeleka wapi?" Nikamwambia tunatafuta vidudu. "Vidudu viko huku, mbung'o wako huku, wagonjwa tuko huku. Mbona damu inapanda treni?" Nilifunga sanduku langu, na sura yake naikumbuka hata leo. Mbung'o walituuma sote siku zile, hilo haliepukiki porini, na niliporudi Tabora nilipata homa kidogo. Ilikuwa malaria ya kawaida. Nilikunywa kwinini ikaondoka, nikabaki na uchovu.

Wiki hiyo hiyo Bwana Kimya aliniita peke yangu akaniambia kwamba nitakwenda mimi. Kondo angepewa nafasi kama nyingine ingetokea. Kilichobaki ni daktari wa serikali kuthibitisha afya yangu, jambo dogo tu, akasema, na meli yangu itaondoka Dar es Salaam baada ya mwezi Ramadhani. Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilipita sokoni bila kuona watu. Kondo alipoambiwa alinikumbatia mbele ya wote, akatangaza kwamba mali yake inauzwa nje ya nchi na hakushirikishwa. Bi Zuhura, pamoja na hofu zake za mumiani, alichinja kuku wawili akapika wali wa nazi, tena mchana wa siku ya kazi. Tulikula mpaka tukalegea. Kondo alisogeza mapaja yote upande wangu.

Ni mchana huo huo. Chumba chetu cha kazi kilikuwa na meza ndefu karibu na dirisha na hadubini mbili. Mimi nilikaa nimeupa mlango mgongo, kwa sababu nilipenda mwanga wa dirisha. Kondo alikaa ng'ambo ya meza, ananitazama mimi na mlango. Jua lilikuwa kali, tumbo limejaa wali, na uchovu wa homa haujaisha, nikasinzia na jicho kwenye hadubini. Nilizinduliwa na sauti ya Kondo. "Jamani, njooni mwone! Mtumwa wangu ana malale! Tangu tutoke Kaliua ni kulala tu! Juzi kasinzia na tonge mkononi, jana kamgombeza Bi Zuhura bila sababu, leo hata jina lake halijui. Mzungu anapeleka maiti Uingereza!" Mtunza panya na mfagiaji walikuwa wameshikilia meza kwa kicheko. Nami nilikuwa ninacheka, natafuta tusi la kumrudishia, niliposikia nyuma yangu, kwa upole: "Tangu lini?"

Bwana Kimya alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno na kulielewa kila neno, maana kama nilivyosema alikuwa amefaulu mtihani. Utani haukuwa katika mtihani ule. Nilisimama haraka nikamweleza kwamba huyu ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, sisi ni watani. Akauliza, "Watani ni ndugu?" Nikasema hapana. "Ni maadui?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini aseme uongo juu ya afya yako?" Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuchanganya mambo, na kadiri nilivyochanganya ndivyo sauti ilivyopanda, na nikaona ananitazama kama anavyotazama mgonjwa. Usingizi wa mchana, hasira bila sababu, maneno kuvurugika. Zote ni dalili, na mgonjwa huwa wa kwanza kukataa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha madresa wa hospitali hivyo. Bwana Kimya akamgeukia Kondo. "Ni kweli analala?" Neno moja tu lilitakiwa, "ninatania", na Kondo alilijua kwa Kiswahili, kwa Kizaramo na kwa Kiingereza. Akatazama meza. "Bwana," akasema, "mimi si daktari."

Nililazwa jioni ile kwenye wodi ya malale. Sitamlaumu Bwana Kimya kwa kunipima, alikuwa mtu wa kazi yake, na aliogopa kupeleka Uingereza mgonjwa badala ya mtafiti. Walinitoa damu asubuhi na jioni, wakanitoboa uti wa mgongo na kuchukua maji yake, hawakuona kitu. Lakini kutoona kitu kwenye kioo cha hadubini si uthibitisho, vidudu vile hujificha, kwa hiyo panya weupe walichomwa damu yangu na tukaanza kungoja kama wataugua. Uingereza yangu ikawa mikononi mwa panya. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mrina asali wa Kaliua, mgonjwa kweli, mtu mzima aliyekuwa akilia anapoletewa uji na kulala kabla kikombe hakijafika mdomoni. Kumtazama yule kulinitia hofu mpya. Nilianza kujitilia shaka mwili wangu mwenyewe. Nikipiga mwayo nahesabu dalili. Nikiudhika na dresa najiuliza, hasira hii ni yangu au ya vidudu? Nilikuwa nikijikariria jina langu chini ya blanketi, nione kama bado nalijua. Ndivyo alivyonifanya Kondo, na hakunigusa hata kidole.

Alikuja kunitembelea kila siku, hilo sina budi kulisema. Alileta michembe ya Bi Zuhura, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatania wagonjwa wote wodini mpaka wenye nguvu wakacheka. Siku moja nilimshika mkono nikamwambia, "Kondo, sikiliza. Nenda kwa Bwana Kimya, mwambie ulikuwa unatania. Mwambie kwa Kiingereza, bila kucheka." Akanitazama, akasema, "Nimeshamwambia, mtani. Wazungu wagumu." Nikashukuru. Baada ya siku chache nilikuwa nimelala nimefumba macho, dresa na mtunza panya wanazungumza nje ya dirisha wakidhani nimeshikwa na usingizi. Dresa alisema, "Huyu mbona mzima? Mnyimeni wali muone kama atasinzia." Mtunza panya akajibu, "Bwana mwenyewe nasikia ameanza kusita. Ameniuliza mara mbili kama Kondo ana neno lolote la kuongeza. Lakini Kondo tangu siku ile hajakanyaga ofisini. Akimwona bwana huku, yeye anapita kule." Nilifumbua macho nikatazama dari. Michembe aliyoleta asubuhi ilikuwa kwenye bakuli kando yangu, nikaigawa yote wodini.

Panya hawakuugua. Walinenepa. Lakini mpaka hilo lithibitike muda ulikuwa umepita, chuo kule hakikuweza kungoja, na Bwana Kimya alikuja kando ya kitanda changu, raba zake hazisikiki, akaniambia kwa huzuni ya kweli kwamba amelipeleka jina la Kondo. "Wewe utakwenda mwaka ujao," akasema. Mwaka uliofuata alihamishwa, aliyemrithi hakujua ahadi yoyote, na nafasi ile haikutolewa tena katika maabara yetu. Nimefanya kazi na vioo vya damu maisha yangu yote, nimefundisha vijana wengi, sikulala njaa. Kondo alirudi daktari, akawa profesa, akaandika juu ya vidudu vile vile ambavyo tulivitazama pamoja kwenye meza moja. Yaliyoandikwa niliyasoma yote. Yalikuwa mazuri, na kila ukurasa niliwaza ningeandika nini mimi. Najua Neema ataniuliza kwa nini sikumwandikia, sikumshitaki, sikugombana naye. Kwa lipi, mwanangu? Ukimshitaki mtani kwa utani unakuwa wewe ndiye kichekesho, hata kwa baba yako mzazi. Ilikuwa silaha ambayo haiachi alama, na sina hakika kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kumaliza mtu hivyo.

Siku ya safari ya Kondo nilikwenda stesheni, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kununa. Treni ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa imeshaungwa na mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma, watu wamejaa, wauza maembe wanapita madirishani. Wa maabara walikuwepo wote. Bi Zuhura alileta chapati na kuku wa kukaanga, akamfungia kitambaani, akamsisitiza asikubali kutolewa damu hata kidogo hata wakimpa chai. Kondo alikuwa amevaa koti jipya, anamtania kila mtu, mkono huu kwa huyu na ule kwa yule, lakini kwangu alichelewa kufika. Kengele ya kwanza ilipopigwa nilimfuata mpaka mlango wa behewa. Sikupaza sauti. "Kondo," nikasema, "siku ile ulikuwa umekaa unautazama mlango. Ulimwona Bwana Kimya amesimama?"

Watu waliokuwa karibu walitugeukia, tayari nyuso zao zinatabasamu, kwa kuwa walizoea kwamba tukikutana sisi wawili kuna cha kuchekwa. Kondo alipanda ngazi moja, akashika chuma cha mlango, akanitazama kutoka juu. Kisha akatanua mikono kama afanyavyo siku zote, akapaza sauti stesheni nzima isikie. "Nilimwona, mtumwa wangu! Ulidhani nilikuwa nawapigia kelele panya?"

Stesheni ililipuka kwa kicheko. Bi Zuhura alijishika mbavu, mtunza panya akampiga dresa mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wote, na nilimtazama machoni. Macho hayakuwa yanacheka. Yalikuwa yananingoja nione, na alipoona nimeona aliyaondoa. Filimbi ikapigwa, behewa likaanza kwenda, naye bado ameshika chuma kile, na watu wote sasa wamegeuka kunitazama mimi, wanangoja jibu la Mnyamwezi. Nilikuwa mtani wake. Nikafungua mdomo, nikacheka.